Meli ya vita iliyopita Dodoma ndani ya makasha

Msikilizaji wetu wa Kizota, honi ya treni ya Kigoma unaijua. Reli hiyo hiyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ilipitisha meli nzima hapa kwetu. Tulipoitaja MV Liemba redioni wengi mlishangaa: meli inapitaje Dodoma, penye ukame na mizabibu?

Ilipita vipande vipande. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914, basi mzigo ukapanda treni. Kule mafundi wakaiunga upya, na Februari 1915 ikashushwa majini. Wakaiita Graf von Götzen, jina la gavana aliyeizima Maji Maji kwa risasi na kwa njaa.

Vita Kuu ilishaanza, ikawa meli ya jeshi. Ilibeba askari, chakula na risasi kati ya Kigoma na Kasanga, kusini mwa ziwa. Juu yake ulifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyokwama na kuangamia Rufiji mwaka 1915. Baadaye mzinga ulihitajika nchi kavu, wakaung'oa na kusimamisha wa mbao wa kutishia tu.

Julai 1916 adui walikaribia. Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe kuliko kuiacha itekwe. Kazi hiyo walipewa mafundi watatu waliokuja nayo kutoka kiwandani, na hapa ndipo tunapowavulia kofia. Kabla ya kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, walizipaka injini grisi nene. Chuma huliwa na kutu maji na hewa vikikigusa. Grisi huvizuia visikifikie. Anayeweka plau au pampu stoo kwa msimu mzima anaijua kazi hiyo.

Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na injini zikakutwa bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Tangu hapo ugavi wake ukawa wa raia: abiria, mahindi, dagaa, mawese. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama mbali na ufuko na mitumbwi ilikimbilia ubavuni, watu na magunia wakipandishwa huko huko majini. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku, au mvuvi mwenye mzigo utakaooza, meli isipokuja hapakuwa na barabara ya kumwokoa.

Mwaka 1997 ilirudisha makwao wakimbizi wa Kongo. Mei 2015 Warundi kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kipindupindu kikawaingilia. Liemba ilikwenda na kurudi ikiwahamishia Kigoma, ikipakia mamia kila safari.

Baadaye ilifungwa Kigoma kwa uchakavu, ikihitaji matengenezo makubwa. Injini za mvuke zilishaondolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Bodi la chuma ni lile lile lililopita hapa kwa treni.