Chura wa Kihansi: Mbegu Iliyowekwa Ng'ambo

Masika yaanzapo kisiwani Rusinga, vyura hulia usiku kucha katika matete ya ufuoni, wala hakuna awajaliye. Wazee walikwisha sema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini katika nchi ya jirani, Tanzania, yuko chura mmoja ambaye habari zake zilivuka bahari, na zafaa zijulikane na kila mkulima na mvuvi wa ziwa letu.

Chura huyu aligunduliwa na wataalamu mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Rangi yake ni ya manjano, na urefu wake haufiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura wetu, bali huzaa watoto waliokwisha kamilika. Aliishi katika rasharasha za maporomoko tu, mahali pa hekta chache, na popote pengine duniani hakuonekana.

Wakati huo Serikali ya Tanzania ilikuwa ikijenga bwawa la umeme juu ya maporomoko hayo. Haja ya umeme ilikuwa kubwa, na mitambo ya Kihansi yaweza kutoa megawati 180. Hata mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha zilipungua na majani ya korongoni yakaanza kukauka.

Mwaka huo huo vyura 499 walichukuliwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Kuwatunza hakukuwa kazi nyepesi. Wengi walikufa, hata wakabaki makumi machache tu. Watunzaji hawakukata tamaa, bali walijifunza polepole kiasi cha mwanga, unyevu na vijidudu vya kuwalisha. Katika bustani za Bronx na Toledo vyura wakaanza kuzaa na kuongezeka.

Huku nyumbani, mabomba ya kunyunyiza maji yalitandazwa korongoni ili kuiga rasharasha, na vyura waliobaki wakaongezeka. Ndipo mwaka 2003 wakaanza kufa ghafla, na ugonjwa wa kuvu ushambuliao ngozi ya vyura ukaonekana miongoni mwao. Chura hunywa maji na kuvuta pumzi kwa ngozi, basi ngozi ikiugua, uhai wake umo hatarini. Baada ya mwaka 2004 hakuonekana tena, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini.

Lakini mbegu ilikuwapo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania na kutunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwaka 2012 wapatao 2,000 wakaachiliwa korongoni kwao. Umeme haukuzimwa kwa ajili yao. Ila korongo liliachiwa sehemu yake ya maji.

Huenda msomaji akauliza, chura ana faida gani kwetu? Na atazame ziwa lake mwenyewe. Mbuta aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na hatuwezi kukana kwamba amewapa watu wengi fedha. Lakini aina nyingi sana za fulu, ambao babu zetu waliwavua kwa wingi, zimetoweka. Hazikuwa zimehesabiwa zote kabla, kwa maana wengi hawakuona kwamba samaki wadogo wana thamani. Aina chache zimebaki katika matangi ya ng'ambo. Zilizokosa mtunzaji hazitarudi kwa fedha yo yote.

Mkulima mwenye busara hali mahindi yote, hata mwaka wa njaa. Huchagua magunzi mema akayatundika juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Bustani ya wanyama ya Bronx ilifanya kazi ya meko hayo. Lakini mbegu haifai kitu pasipo shamba la kuipanda, na kama korongo la Kihansi lingeachwa likauke kabisa, vyura wale wangebaki wageni ng'ambo milele. Basi vinamasi na matete ya ufuo wetu tusiyachome moto wala kuyafyeka yote. Humo ndimo samaki wachanga hujificha, na humo ndimo vyura huimba masika.