Kutoka Fire Hadi Feri: Wabunge Waliogeuka Barabara (Sehemu ya Pili)

Alfajiri jijini Dar es Salaam, basi la mwendokasi likitoka Fire kwenda Kivukoni, hujaa wachuuzi wa Kariakoo wanaouwahi mnada wa samaki pale Feri. Akili zao ziko kwenye bei ya changu na jodari. Lakini katika safari hiyo fupi wanapitia kwa wabunge wawili wa zamani. Karibu na chuo cha DIT basi linaikata Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Likishuka bandarini linaikuta Barabara ya Sokoine.

Sehemu ya kwanza ilieleza kwamba Tanzania, tofauti na Kenya yenye Bunge la Taifa na Seneti, ina Bunge moja tu. Leo wabunge hukutana Dodoma. Miaka ya mwanzo ya uhuru walikaa Ukumbi wa Karimjee, ambao mtu akitoka Feri anaufikia kwa miguu, jasho halijamtoka.

Bibi Titi aliujua mji huu tangu utotoni. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akavuma kwanza kama mwimbaji wa ngoma, na mwaka 1955 TANU, chama kilichodai uhuru, ikampa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama. Aliwatafuta kwenye vikundi vyao vya ngoma, na wakaja kwa maelfu. Uhuru ulipopatikana akawa mbunge na waziri mdogo.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. TANU iliteua wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue anampigia nani. Wote walikuwa wa chama kilekile, kwa hiyo kura ilikuwa juu ya mtu mwenyewe. Rufiji, alikogombea, ikamkataa Bibi Titi. Hakuwa peke yake: Paul Bomani, waziri mwenye jina kubwa Usukumani, naye alianguka.

Kushindwa huko kunastahili kusimuliwa zaidi kuliko kunavyosimuliwa. Miaka minne tu baada ya uhuru, wakulima walimwondoa kwa alama ya karatasini mmoja wa watu waliouleta uhuru huo, na matokeo yakaheshimiwa. Yaliyomfika baadaye yalikuwa mazito zaidi: alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972, na akafariki Novemba 2000.

Uchaguzi uliomtoa Bibi Titi ndio uliomwingiza Edward Sokoine, kijana wa miaka 27 kutoka Umasaini. Alipanda hadi kuwa Waziri Mkuu mara mbili. Tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma kwenye kikao cha Bunge, alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro.

Kibao cha barabara hakisemi lolote kati ya haya. Mzazi anayepanda mwendokasi na mwanawe amwonyeshe kibao hicho pale DIT, amweleze Bibi Titi alikuwa nani, na amweleze pia kwamba Rufiji ilimnyima kura.

Sehemu ya tatu itavuka kwa pantoni hadi Kigamboni, jimbo lililokuwa la Dk. Faustine Ndugulile, aliyechaguliwa Agosti 2024 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, akafariki Novemba mwaka huohuo kabla hajaanza kazi.