Chuma Kinachopasua Maji Hakibaki Kile Kile

Juzi baada ya Isha, kibarazani kwetu, mzee mmoja aliniuliza: "Wewe si ndiye uliyesomea umeme? Bahari yote ile, mbona isipasuliwe tukapata gesi, tukaacha kununua mafuta?"

Hakuwa akifanya mzaha. Tangu Septemba 2023 Kenya ilipozindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani, habari hizi zimefika hadi mitaani. Nilimjibu kwa kisa changu cha chuoni.

Nikisomea diploma, tulitia misumari miwili kwenye maji ya chumvi tukaiunganisha na betri ya gari. Msumari wa upande hasi ulitoa mapovu ya hidrojeni. Ule wa upande chanya tuliutarajia utoe oksijeni. Badala yake maji yaligeuka rangi ya matope na msumari ukaliwa, ukabaki mwembamba. Tafadhali usijaribu nyumbani, maana maji ya chumvi hutoa pia klorini, gesi ya sumu.

Ili maji yapasuke bila kula umeme mwingi, huhitajika kichocheo, yaani kitu cha kurahisisha kazi. Tulifundishwa kuwa kichocheo hubaki kama kilivyokuwa. Kumbe upande chanya ni mkali mno, na metali nyingi zikiwekwa pale huyeyuka au hugeuka kitu kingine.

Chukua nikeli, inayotumika sana viwandani kwenye maji ya alkali. Unaingiza bamba linalong'aa. Umeme ukiwashwa, ngozi yake hushikana na oksijeni na hidrojeni za majini, ikawa tabaka jipya lenye maganda membamba kama kitunguu. Kazi hufanywa na tabaka hilo. Na kuna siri nyingine. Kwa muda mrefu nikeli ilipewa sifa zote, kumbe chembe kidogo za chuma zilizokuwa kwenye maji ya alkali zilikuwa zikijipenyeza ndani ya maganda na kuongeza kasi. Dennis Corrigan aliandika juu ya athari hiyo mwaka 1987. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walionyesha kuwa nikeli ikitengwa kabisa na chuma, huwa kichocheo dhaifu.

Si kila mageuko ni hasara. Mwaka 2008, Daniel Nocera na Matthew Kanan wa MIT walitangaza kichocheo cha kobalti na fosfeti. Kobalti inayoyeyuka wakati wa kazi hurudi kujibandika mahali pake maadamu umeme unapita. Ni kama kidonda kinachojiponya.

Basi tumrudie mzee wetu na bahari yake. Chumvi ya bahari huharakisha kuliwa kwa metali, kwa hiyo viwanda kwa kawaida hutumia maji yaliyosafishwa. Kilo moja ya hidrojeni hula takriban lita 9 za maji safi, mbali na yale ya kupozea mitambo. Sisi ambao mifereji yetu hukauka siku kadhaa tunajua uzito wa lita 9.

Siku mwekezaji atakapokuja na bamba linalong'aa, tusiridhike na linavyofanya kazi siku ya uzinduzi. Tumwombe vipimo vya baada ya maelfu ya saa. Tumuulize metali inayoyeyuka inakwenda wapi, na yale maji ya chumvi kali yanayobaki baada ya kusafisha yatamwagwa wapi, huku wavuvi wetu wakitegemea matumbawe.

Mzee alinyamaza kidogo, akatazama paa la jirani lililoliwa na upepo wa bahari. "Kumbe ni kama mabati," akasema. "Dukani yote yanang'aa."