Teka, teka nyara na pora: kufasiri neno «hijack»

Msemaji wa Mpanda asemapo «basi limetekwa porini», kwa kawaida hamaanishi kwamba basi limetwaliwa na kupelekwa kwingine. Anachoeleza ni kwamba magogo yamelazwa barabarani, dereva amelazimika kusimama, abiria wameshushwa na kunyang'anywa fedha na simu, kisha majambazi wametokomea msituni. Basi hubaki na dereva wake, na huenda likafika Tabora au Sumbawanga siku hiyohiyo. Mfasiri akiandika «hijacked», msomaji wa Kiingereza ataliona basi likiendeshwa kwa amri ya mwenye bunduki. Katika maelezo ya shahidi, kosa hilo si dogo: tukio lenyewe ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake Tanzania haipungui miaka 30 jela. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni «the bus was held up», na kwa abiria, «robbed».

Ajabu ni kwamba «hijack» lenyewe lilianzia barabarani. Katika miaka ya 1920, Marekani ilipopiga marufuku pombe, lilitumika kwa wezi waliovamia malori ya magendo na kuchukua shehena. Baadaye likapanda angani, likazaa «skyjack» kwa ndege na, katika miaka ya 1990, «carjack» kwa magari. Hili la mwisho hufasiriwa vyema kwa «kupora gari» au «kunyang'anya gari», maana gari ndilo linalotakiwa.

Kwa ndege, Kiswahili husema «kuteka nyara». Nyara ni kile kinachopatikana vitani, mali au watu. Ndege iliyotekwa nyara imo mikononi mwa mtekaji, naye huamua iendako. Ndivyo ilivyokuwa Februari 1982, ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilipopelekwa Nairobi, Jeddah, Athens na hatimaye Stansted, Uingereza, watekaji wakidai Rais Nyerere ajiuzulu. Hapo «hijacked» halina shaka. Abiria wa namna hiyo ni mateka, yaani «hostages».

Ugumu hubaki kwa «tulitekwa», bila nyara na bila kutaja chombo. Kwa mtu mmoja, siku hizi huelekea kumaanisha «abducted». Kwa abiria wa basi la Mpanda, mara nyingi ni «robbed» tu. Mfasiri aulize kwanza iwapo msemaji alichukuliwa, au kilichochukuliwa ni mkoba wake.