Mzazi ukisema "labda", mtoto anasikia nini?

Ni jioni ya kuamkia siku ya gulio, hapa Rulenge wilayani Ngara. Mtoto wa darasa la tatu anamfuata baba yake uani. "Baba, kesho utaninunulia viatu vya shule?" Baba anajua maharage bado hayajauzwa. Anajibu, "Labda."

Mtoto analala na furaha. Kesho yake baba anarudi na chumvi na sabuni, viatu hakuna. Mtoto analia: "Si ulisema!" Baba naye anashangaa: "Nilisema labda, sikuahidi."

Wazazi wengi wanalijua tukio hili. Ada ilifutwa katika shule za msingi za serikali, na tangu mwaka 2016 katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na daftari bado viko mikononi mwa mzazi, na "labda" ndilo jibu lililo karibu na mdomo. Sasa nani ana haki, baba au mtoto? Ukichimba asili ya neno lenyewe, utaona mtoto hakupotea sana.

"Labda" imetoka katika Kiarabu, la budda. Hiyo la ni ile ile tunayoitumia kukataa: "La, sitaki." Na budda ndiyo "budi" yetu, yaani njia ya kuepuka. Ukiunganisha unapata "hakuna njia ya kuepuka", au kwa Kiswahili cha kila siku, hapana budi. Mwarabu akisema hivyo hadi leo, anamaanisha jambo ni la lazima. Zamani baadhi ya watu waliandika "labuda", na humo budi inaonekana wazi zaidi.

Basi mzizi mmoja umetupa maneno mawili yanayopingana. "Sina budi kwenda" ni lazima niende. "Labda nitakwenda" ni kwamba naweza nisiende.

Imekuwaje? Sikiliza tunavyoongea. Mgeni ametoka Ngara mjini tangu asubuhi, nawe unasema, "Lazima atakuwa amefika," au "Bila shaka yuko njiani." Umetaja lazima, umetaja bila shaka, lakini hujamwona, unakisia tu. Neno la uhakika likizoea kukisia, nguvu yake hupungua. Inaelekea "labda" nayo ilipoa kwa njia hiyo.

Ndugu zake hawana historia hiyo. "Huenda" imetokana na kwenda. "Pengine" ni mahali pengine au wakati mwingine. "Yamkini", nayo ya Kiarabu, ni inawezekana. Hata "maybe" ambayo watoto wanafundishwa kwenye somo la Kiingereza ni maneno mawili yaliyoungana, "inaweza kuwa". Hayo tangu mwanzo yalikuwa ya shaka. "Labda" peke yake ndiyo iliyoanza na lazima ikaishia kwenye shaka.

Mtoto wa darasa la tatu hayajui haya yote. Tena wengi hapa kwetu husikia Kihangaza au Kishubi nyumbani kabla ya kukutana na Kiswahili cha darasani. Maana ya "labda" anajifunza kwa kuangalia kinachofuata. Labda ya kwanza viatu havikuja, ya pili havikuja, ya tatu hachukui tena neno lako. Ataelewa kwamba labda ni hapana inayosemwa kwa upole. Na hatari haiishii hapo: siku utakayosema "ndiyo, nitakuja shuleni kwenye kikao", atakutazama tu, kwa sababu hata ndiyo yako imeanza kupoa.

Afanyeje mzazi ambaye kweli hana hela? Aseme sharti lenyewe: "Maharage yakiuzwa kesho, nitakununulia. Yasipouzwa, tutasubiri gulio lijalo." Hapo mtoto anajua anachosubiri, na hata akikosa, anajua ni kwa nini. Anaweza hata kukuuliza usiku, "Baba, maharage yameuzwa?" badala ya kukuuliza viatu viko wapi.

Na kama jibu ni hapana, litolewe mapema: "Hapana mwanangu, mwezi huu hela ni ya daftari za kaka yako." Atanuna, pengine atalia. Lakini analia leo kwa jambo analolielewa, si kesho kwa kuona amedanganywa.

"Labda" ibaki kwa mambo ambayo kweli hatuyawezi: mvua kunyesha, bibi kupona mapema, gari kupita. Kwa yale yaliyo mfukoni mwetu, mtoto anastahili kuambiwa ndiyo au hapana, na akiambiwa ndiyo, basi mzazi hana budi.