Shule Ikihama, Funguo Abaki Nazo Nani?

Wajukuu zangu wa Singida, sogeeni niwasimulie habari ya shule iliyoondokewa na wanafunzi wake wote, na leo bado imejaa vijana.

Ilikuwa Mazimbu, pembeni ya mji wa Morogoro. Pale palikuwa na shamba la zamani la mkonge, limeachwa, pori limeota. Mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Polisi wa makaburu wakawapiga risasi, na wengi walionusurika wakakimbia nchi. Watoto hao walihitaji mahali pa kusoma. Mwaka 1977 serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini eneo la Mazimbu, nao wakajenga bega kwa bega na mafundi wa Kitanzania: madarasa, mabweni, hospitali, karakana ya samani, na shamba la kuwalisha. Shule ikaitwa Solomon Mahlangu, jina la kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22 tu.

Mwaka 1990 kiongozi wao Mandela akatoka gerezani, ANC ikaruhusiwa tena kwao, na wanafunzi wakaanza kurudi nyumbani. Hebu fikirini mji mzima wa shule unavyobaki mtupu! Hapo ndipo majengo mengi hufa. Haya hayakufa. Julai 1992 ANC iliyakabidhi kwa serikali ya Tanzania, nacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kikayachukua. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu, na walimu wa sayansi wanasomeshwa humo. Makaburi ya waliofia uhamishoni yako palepale.

Mazimbu iliponea kwenye makabidhiano yale. Wa kwanza walipoondoka, mwenye kupokea alikuwepo.

Sasa turudi kwetu. Iwe Ikungi, Iramba, Mkalama au Manyoni, kijiji kinaweza kujenga shule mpya kwa sababu ya zamani ina nyufa au iko mbali na watu. Siku ya kuhama ni ngoma na vigelegele, wala hakuna anayeuliza habari za majengo ya zamani. Msimu mmoja wa mvua, mchwa wameingia kwenye mbao. Upepo wetu wa Singida mnaujua, ukikuta bati moja limelegea hauliachi. Milango nayo huondoka usiku.

Wengine watasema tuweke humo magunia ya alizeti. Nawaelewa, maana alizeti ndiyo inayonunua sare zenu. Lakini magunia yakishauzwa chumba kinafungwa tena, na mchwa hawangoji mavuno yajayo.

Mimi ningeanza na mabinti. Kama jengo bado ni imara na liko jirani na sekondari ya kata, lifanywe bweni. Binti anayetoka nyumbani gizani na kurudi gizani hachoki miguu tu. Njiani kuna watu wabaya, na wapo walioacha shule kwa sababu hiyo. Bweni linataka maji, vyoo, uzio na mlezi wa kike, kwa hiyo si kazi ya kupiga chokaa tu. Kama sekondari iko mbali, kuna watoto wa MEMKWA, wale waliokosa kuanza shule kwa wakati. Wapewe vyumba viwili. Na kama kuta zimeshapasuka vibaya, libomolewe kabla halijamwangukia mtoto, mabati na mbao nzima zikajenge nyumba ya mwalimu.

Anayeamua ni nani? Shule za serikali ziko chini ya halmashauri ya wilaya, kwa hiyo uamuzi lazima upite kwa madiwani. Lakini jambo huanzia kijijini, kwenye kamati ya shule na mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana sauti. Ninyi bado hamjafika umri huo, ila ndio mnaojua nani anatembea mbali na nani ameacha. Yasemeni nyumbani.

Mkutano mkuu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Baba au mama akijiandaa kwenda, mwombeni aulize mambo mawili, shule mpya ikiwa bado inaezekwa: funguo za shule ya zamani atakabidhiwa nani, na fedha za kuikarabati zitatoka fungu gani.