Usizime Kelele za Watu

Oktoba 30 na 31, 1968, bendi ya MC5 ilirekodi albamu yake ya kwanza mbele ya watu wa Detroit, Marekani, katika ukumbi wa Grande Ballroom iliouzoea. Albamu hiyo, Kick Out the Jams, ilitoka 1969, na wapenzi wa panki huihesabu miongoni mwa mizizi ya muziki wao. Magitaa yanakwaruza, mwimbaji anafoka, watu wanamjibu. Studio isingeyatoa yale.

Kwetu, ndugu wa karibu wa panki ni mchiriku. Jagwa Music ya Mwananyamala, Dar es Salaam, ilianza 1992 na kujijengea jina kwenye shughuli za uswahilini: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, vijiti na spika za honi. Mwaka 2012 Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads, na wasikilizaji wa Ulaya wakaisikia kama panki. Mkwaruzo wa kinanda chao si ubovu wa mitambo. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na katika kukata huko huzaliwa sauti nyingine, kali, ambazo kinanda hakikuzitoa. Fundi anayezisafisha anauua wimbo.

Nayasema haya nikiwalenga vijana wa Handeni na Korogwe, wapigaji wa singeli na hata wa selo ya Wazigua, wanaotamani kurekodi. Ndani ya kibanda cha studio hakuna wa kutuza wala wa kupiga vigelegele. Harusini wote wapo, bure.

Ila kuna ufundi wake. Ukichukua sauti kutoka kwenye mikisa tu, utapata muziki mkavu, kwa sababu mikisa haizisikii kelele za watu, na uwanja wa wazi hauna kuta za kurudisha mwangwi. Watu ndio ukumbi. Weka maikrofoni ya pili, iwaelekee wao. Hapo ndipo wengi huharibu: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyo mita 34 kutoka kwenye spika hupokea ngoma ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa singeli ya mapigo 200 kwa dakika, hiyo ni theluthi ya pigo zima! Usipoiwahisha sauti ya maikrofoni hiyo wakati wa kuchanganya, kila ngoma italia mara mbili.

Basi kabla ya kutafuta nauli ya kwenda studio za Dar, azimeni maikrofoni ya pili, mwombeni ruhusa mwenye shughuli, mrekodi nyumbani.